Njia ya Kuzunguka Nyololo

Watu wa hapa Soweto, Mbeya, wanasema mimi ni mzee mkali. Sikatai. Ila na wao wangechukua mizigo ya watu kwa baiskeli kati ya Mbeya na Iringa kama nilivyochukua mimi, wangekuwa wakali kunishinda, tena wangeng'ata.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nikiwa bado kijana mwenye mapaja. Posta ilikuwepo, malori yalikuwepo, hata basi lilikuwepo. Lakini posta ilimjua mtu mwenye sanduku la barua, na lori lilimjua mtu anayekaa kando ya barabara. Yule anayekaa nyuma ya kilima, nyumba ya pili baada ya shamba la njegere, huyo nilimjua mimi. Nilifunga mzigo kwenye keria, turubai juu, nikatoka Mbeya Jumatatu, na wakati wa kiangazi Ijumaa jioni niko Iringa nakula. Masika sisemi. Masika nilifika nilipofika.

Kitu kimoja kilinishinda kabisa, nacho ni mwenye mzigo kunipangia njia. Kila aliyenipa kifurushi alitaka kunipa na barabara. Mwalimu mmoja alinipa barua ya mchumba, akataka nizunguke kanisa kwa mbali, maana baba wa binti ndiye mchungaji. Mama mmoja wa mayai alitaka nipite kwenye majani tu, nisikanyage kokoto. Mzee mmoja wa Rujewa alinipa debe la samli, akasema nisafiri alfajiri tu, jua likichomoza nitafute kivuli nikae nayo hadi jioni, eti isiyeyuke. Nikamuuliza, 'Mzee, nikupeleke wewe au samli?' Wote niliwajibu neno moja: wewe umechagua mchukuzi, njia nitachagua mimi. Wapo walionuna wakachukua vitu vyao. Waende zao! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wahenga walivyosema, na mtu aliyelala kwake hajui kusukuma baiskeli kupanda kutoka Igawa mpaka Makambako.

Basi masika moja akaja kwangu mama mmoja. Alikuwa Mnyakyusa, ameolewa huku milimani juu ya mji. Kavaa kaniki, kichwa kimenyolewa, nikajua huyu amefiwa. Nikampa pole. Akaitikia, 'Ndaga,' yaani asante kwao, akaketi kibarazani akaweka kikapu miguuni. Kikapu kimefunikwa mkeka na kufungwa kwa kamba ya mgomba, fundo limekaa juu katikati, dogo, limebana, sijapata kuona fundo zuri vile.

'Mume wangu amefariki, wiki ya tatu sasa,' akasema. 'Kifua. Humu mna koti lake. Kwetu koti la marehemu huvaa mdogo wake kabla hatujaanua tanga. Shemeji yangu yuko Iringa, ni fundi viatu, nyuma ya soko.'

'Litafika, mama.'

'Najua litafika, baba. Mimi nimekuja kwa habari ya njia.'

Nikahisi shingo inapata moto. Lakini mfiwa humkatizi, nikamwacha aseme.

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Nyololo na mpasua mbao wa misitu ya Mufindi. Nyumba yao iko pale pale barabarani. Binti alikuwa na mimba, na mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa na miezi saba, na hii ya sasa ndiyo inaingia wa saba. Habari za baba yake hakuambiwa. Mkwe peke yake alijua, kwa barua aliyoandikiwa kazini, akaonywa asifungue mdomo mpaka mkewe ajifungue.

'Alimpenda sana baba yake,' mama akasema. 'Akisikia, hii nayo itatoka. Na safari hii labda itaondoka na yeye mwenyewe. Nimezika mmoja, baba. Wa pili siwezi.'

'Mimi hanijui, mama. Nitapita mbio.'

'Wewe hakujui. Kikapu atakijua.' Akanieleza: kabla ya Nyololo kuna daraja la miti, na pale inachepuka njia ya zamani ya waenda kwa miguu. Inazunguka nyuma ya vilima, inatokea barabarani mbele kabisa. 'Upite huko.'

Njia hiyo niliijua kwa sifa zake mbaya. Wakati wa mvua ilikuwa matope mpaka magotini, na inakula siku nzima. Nikamjibu kama nilivyowajibu wengine wote. Hakukasirika. Alishika goti lake akaanza kuinuka taratibu, mkono mwingine unatafuta kikapu. Jamani, heri angenitukana.

'Haya, keti mama,' nikasema. 'Nitazunguka.'

Hakutosheka. Alinikaririsha mara tatu kama mtoto wa kipaimara: daraja la miti, kushoto, nyuma ya vilima, usisimame kwa mtu. Nikarudia kwa hasira mpaka jirani yangu akacheka.

Mvua ilinianza Uyole na haikuniacha. Igawa nililala na nguo mbichi. Kupanda Makambako nilisukuma siku mbili, baiskeli imekuwa nzito, cheni inaruka, mimi nakohoa. Nilipofika kwenye daraja la miti nikasimama, nikaitazama ile njia. Njia yenyewe haikuwepo. Yalikuwepo maji mekundu yanashuka, na juu yake nyasi zimelala.

Hapa nitasema kweli, kwa kuwa mama na binti wote wameshatangulia na hakuna nitakayemuumiza. Nilijiambia: nani atajua? Kijiji chenyewe nakimaliza kwa robo saa, nimeinamisha kichwa, turubai limefunika kikapu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi siku ile niliitamani fupi. Nikapita barabara kubwa.

Katikati ya Nyololo ikashuka mvua ya mawe. Siyo mvua ya kupita mbio ile, mawe yanapiga fuvu. Nikaingia na baiskeli yangu kwenye baraza la duka, nikalivuta turubai nijifunike kwa baridi, kwa ujinga wangu, kikapu kikabaki wazi.

Pale barazani alisimama mwanamke mmoja na chupa ya mafuta ya taa, tumbo liko mbele. Akanisalimu, 'Kamwene,' salamu ya huko. Nikaitikia, 'Kamwene.' Hakuniangalia usoni. Alikuwa anaangalia keria.

'Unatoka Mbeya?'

'Natoka Rujewa,' nikasema. 'Ni mchele.'

'Mchele unafungwa kwa fundo la mama yangu?'

Mungu wangu. Nikaanza kusema maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa, kwamba mafundo yanafanana, kwamba nimenunua kikapu sokoni. Yeye akasogea, akapenyeza kiganja chini ya ukingo wa mkeka, akapapasa polepole kutoka juu kwenda chini. Lilikuwa koti refu la jeshi, marehemu alirudi nalo kutoka vitani.

'Vifungo vya shaba,' akasema, 'moja, mbili. Na hiki cha tatu ni cha mti. Cha shaba kilipotea, nikakishona hiki mimi, kabla sijaolewa.'

Niliiona mimba ile inatoka pale pale barazani mbele ya magunia ya chumvi, na muuaji ni mimi, kwa uvivu wa siku moja ya matope. Nikasema, 'Dada, keti chini. Keti, nakuomba.' Nilikuwa nimeshikanisha mikono kama mtu anayesali.

Akaketi juu ya gunia. Hakulia. Akasema, 'Usiogope, kaka. Najua.'

'Unajua nini?'

'Baba amekufa. Najua wiki ya pili sasa.'

'Nani kakwambia?'

Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuhurumia mtu. 'Mume wangu. Yeye hajui kama ameniambia.' Akanisimulia. Mumewe alikuwa Mlutheri wa kweli kweli, na kila jioni kabla ya kula waliomba. Tangu mzee alipoanza kuugua, aliomba vile vile: Bwana, mponye baba mkwe kifua chake, mbariki na mama mkwe. Miezi yote hiyo hakukosa. Jioni moja akafika pale kwa baba mkwe, akanyamaza. Akameza mate, akaruka mpaka kwa mama mkwe. Kesho yake vile vile, na keshokutwa.

'Dini yake haimruhusu kumwombea aliyekufa,' akasema. 'Na kumwomba Mungu amponye mtu anayejua yuko kaburini, hilo hawezi, atakuwa anamdanganya Mungu. Mimi amejitahidi kunidanganya. Mungu ndiye amemshinda.'

'Na wewe ukafanyaje?'

'Nikafumbua macho, nikapakua ugali.'

Nilimuuliza kwa nini hakulia, hata peke yake, hata huko kisimani. Akasema huku anajishika tumbo kwamba mtoto anacheza vizuri, na alimwahidi kila asubuhi kuwa watakwenda polepole, wasikimbie. Halafu akasema, 'Nikilia, macho yatavimba, mume wangu atajua, atamwandikia mama. Na mama akijua kwamba najua, hatalala tena mpaka nijifungue. Yuko peke yake kule mlimani na msiba wake. Nimwongezee na wangu?'

Mimi mtu mkali, mwenye mdomo! Nilijiona mdogo kama punje.

Akaniomba kitu kimoja. Nilikuwa na sheria yangu, mzigo wa mtu haufunguliwi njiani, na sijaivunja kabla wala baada. Siku ile nilisema, 'Fungua.' Akalifungua fundo kwa vidole viwili kama linajifungua lenyewe, akainua mkeka, akaweka uso wake ndani ya koti. Akakaa hivyo mpaka mawe yakaisha ikabaki mvua. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka pole pole. Mwenye duka alitaka kuuliza kitu, nikamtolea macho, akarudi ndani.

Alipoinuka, uso ulikuwa mkavu. Akasema, 'Bado lina tumbaku yake.' Kisha akafunga, na fundo likarudi lile lile, dogo, limebana, katikati. Hata mama yake asingejua.

'Alikwambia upite nyuma ya vilima, eh?' akauliza.

'Ndiyo.'

'Ukirudi mwambie ulizunguka.'

'Dada, atanibana. Ile njia siijui.'

'Mimi naijua.' Na pale pale, loo, akaanza kunifundisha njia na yeye! Baada ya daraja kuna mwinuko wenye mawe meupe. Halafu mto mdogo, unavukwa kwa gogo. Ng'ambo ya gogo kuna nyumba ya bibi anayefuga nyuki, mbwa wake ana jicho moja. Nikarudia mara moja, akasema hapana, umesahau mbwa. Nikarudia tena. Kwa mama mara tatu, kwa binti mara nne. Safari hii sikukasirika.

Akachukua chupa yake ya mafuta, akashuka barazani anatembea kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, anachagua pa kukanyaga. Nilimtazama mpaka akaingia kwake. Nilimpenda mtu yule kama dada wa tumbo moja, na tulikuwa tumekutana saa moja tu.

Koti lilifika Iringa. Fundi viatu alilivaa mbele yangu, likampwaya mabegani, akanishukuru kwa adabu zote. Mimi nilikuwa nafikiria kurudi.

Nilipokaribia Nyololo upande wa Iringa, nikashuka kwenye baiskeli pale njia ya zamani inapotokea. Keria ilikuwa na kikapu kitupu. Hakuna aliyenituma. Nikasema moyoni: mama amepewa ahadi, walau nusu yake iwe ya kweli. Nikaingia. Matope yalinifika magotini, baiskeli nikaibeba begani, nikaanguka mara sijui ngapi, nikatukana kwa Kiswahili, kikaisha, nikaendelea kwa lugha ya nyumbani. Mbwa wa jicho moja akaninyemelea, akaning'ata kwenye shavu la mguu. Gogo nalo nililivuka kwa kutambaa. Niliingia njiani asubuhi, nikatokea darajani jua linazama, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Mama alinisubiri kwangu. 'Ulizunguka?'

'Nilizunguka, mama.'

'Gogo lipo bado?'

'Lipo, linateleza. Na mbwa wa bibi wa nyuki huyu hapa.' Nikapandisha suruali nikamwonyesha meno yake. Mama akaona kidonda, akashika mdomo, akaanza kunisafisha kwa maji ya moto na chumvi kama mwanawe, anasema, 'Pole, baba, pole, yote kwa ajili yangu.' Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki ya saba tangu nirudi ikaja barua ya mkwe. Mtoto amezaliwa, wa kike, analia kwa nguvu, mama yake mzima. Mama alinijia amekimbia, mtu wa umri ule, barua imelowa jasho mkononi. Alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, 'Sasa ndiyo niende nikamwambie.' Akaniomba nimsindikize. Habari ile ilikuwa yake kuipeleka, mimi nimbebee ndizi na njegere na blanketi la mtoto.

Tulipanda basi, baiskeli yangu juu ya paa. Kaniki ameifunika kwa khanga nyekundu, asije akamshtua binti mlangoni. Na njia nzima alijifunza maneno. 'Nianze hivi: mwanangu, unakumbuka kifua cha baba yako? Au hapana, atashtuka. Nianze na Neno la Mungu?' Chimala akabadilisha. Igawa akabadilisha tena. Makambako akabadilisha mara ya tatu, kisha akaniuliza, 'Maziwa hayatakauka? Mtu akisikia msiba, maziwa hukauka.' Nikamwambia hayatakauka. Akauliza najuaje. Neno moja lingemtua mzigo wote ule, na neno hilo nilikuwa nalo, na nilikatazwa na mtu ambaye naye alibeba ili huyu asibebe. Nikamshika mkono tu, nikasema, 'Mama, yule ana nguvu kuliko unavyofikiri.'

Binti alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Mama akamchukua mjukuu, akamgeuza, akamhesabu vidole, akacheka, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Mkwe amesimama pembeni, kofia mkononi, jasho linamtoka. Kisha mama akaangaza macho, akanipa mimi mtoto: 'Shika.' Sijawahi kushika kiumbe kidogo vile. Akaketi kitandani, akasema, 'Mwanangu, baba yako...' Na hapo maneno yote ya Chimala na Igawa na Makambako yakapotea.

Hakuhitaji mengine. Binti alilia. Nimehudhuria misiba mingi, lakini kilio kile kilikuwa cha mtu aliyebeba mzigo mlima mzima bila kupumzika na sasa ameambiwa, tua. Alimwita baba yake, akamwita tena, akamwambia ona mjukuu wako, mbona hukungoja. Mama alimkumbatia akawa anampigapiga mgongoni: 'Lia mwanangu, lia. Nilikuficha, nisamehe, nilikuficha.' Na binti, kati ya kwikwi na kwikwi, akasema, 'Ulifanya vizuri, mama. Nisingeweza. Nisingeweza kabisa.' Juu ya bega la mama yake macho yetu yakakutana. Nikainamisha uso kwa mtoto.

Baadaye nilikuwa nje, naweka kiraka kwenye tairi. Mama akatoka, akaketi juu ya gogo la kuni karibu yangu, amechoka, lakini mabega yake yameshuka, mara ya kwanza tangu nimjue. Ndani binti alikuwa bado analia, kwa sauti ndogo sasa, anamwimbia mtoto huku analia.

'Umesikia alivyolia?' mama akaniuliza. 'Angelia vile na mimba tumboni, huyu mtoto tungempata wapi?' Akanishika mkono wangu wenye gundi kwa mikono yake miwili. 'Ni wewe, baba. Wewe ulikubali kuzunguka. Mungu akulipe.'

Nikasema, 'Amina, mama,' nikainamia tairi lile, nikalipiga pampu mpaka likajaa, na nikaendelea kupiga, kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.